Nafunga Jumatatu na Alhamisi, lakini si kwa ajili ya Mungu

Shikamoo mama mshauri,

Barua hii nimeianza mara nne. Kila nikifika kwenye sentensi moja naifuta, kwa hiyo leo naitanguliza: usiku nakula sana, kisha najitapisha. Sasa ni mwaka mmoja na nusu. Mambo madogo madogo ya kunitambulisha nimeyabadilisha, kwa kuwa nyumbani kwetu safu yako inasomwa.

Nina miaka 22, niko mwaka wa mwisho chuoni Morogoro, kwetu ni Tanga. Ni wa tatu kati ya watoto wanne. Tangu utotoni jina langu la nyumbani lilikuwa Bonge. Halikuwa tusi. Baba ndiye aliyenipa, na akiniita hivyo hata mbele ya wageni nilikuwa nakuja mbio. Shangazi zangu wakinifinya mashavu na kusema huyu kweli analishwa.

Baba alikuwa mgonjwa wa kisukari. Kwanza alikatwa kidole cha mguu, baadaye akapata kiharusi, na nilipokuwa mwaka wa kwanza akafariki. Kwenye msiba shangazi mmoja alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Na wewe jiangalie, mwili huo ni wa baba yako mtupu." Mama alikuwa ndani, anakaa eda. Dada alikuwa na kichanga. Kaka alikuwa anashughulika na mambo ya mirathi. Maji ya wageni, sahani, simu za ndugu wa mbali, vyote vikawa vyangu, na kila mtu akawa anasema mimi ndiye imara. Siku ya arobaini watu walipoondoka nilibaki jikoni na masufuria ya pilau. Nikakwangua ukoko wote nikaula nimesimama mpaka tumbo likauma. Nafikiri hiyo ndiyo mara ya kwanza kula vile. Niliporudi chuoni nikaamua kujirekebisha.

Nikaacha wali na ugali. Nikaacha chai ya asubuhi. Nikaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, na wenzangu wakasema mashallah, umekuwa mtu wa dini. Mungu anisamehe, nilikuwa nafunga kwa ajili ya kiuno. Mwanzoni nilipungua na kila mtu akanisifia. Picha niliyoiweka hewani ikapata maoni mengi kuliko siku niliyofaulu kidato cha sita.

Kisha usiku ukaanza kunishinda. Nafuturu kwa tende tatu na maji. Ikifika saa tatu mikono inatetemeka, siwezi kusoma hata ukurasa mmoja. Nashuka kwa muuza chipsi wa getini, namwambia, "Nifungie mayai mbili na kuku mmoja, nimeagizwa na wenzangu." Napita na kwa Mangi nachukua mkate, biskuti na soda kubwa. Nimeshajifunza kutonunua sehemu moja siku mbili mfululizo. Vyote navila kwenye ngazi za nyuma za jengo, gizani, mbio mbio, na sikumbuki ladha ya kitu chochote. Baada ya hapo ni chooni. Baada ya choo naapa kwamba kesho nafunga.

Bumu la muhula uliopita liliisha kwa wiki tano. Kaka anaoa baada ya Idi, na dada alinitumia hela ya kushonea sare. Nikaila. Nilipopata nyingine nikaenda kwa fundi, akanipima kiuno na kumtajia msaidizi wake namba kwa sauti, duka zima likasikia. Mpaka leo nikifumba macho naisikia namba ile.

Ninayekaa naye chumba kimoja amegundua. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nina mimba. Nikamwambia bora ingekuwa mimba. Alilia, halafu akasema kabla hatujafunga chuo niwe nimemwambia mama, la sivyo atampigia yeye.

Ramadhani inakaribia. Mwaka jana nilifunga siku zangu zote. Nilikuwa nafuturu na familia kwenye sinia moja, wakienda tarawehe natafuta sababu ya kubaki. Najua kujitapisha mchana kunabatilisha saumu. Mimi nilikuwa nafanya usiku, kwa hiyo kisheria labda saumu yangu ilikuwa sawa, lakini moyo unanisuta.

Maswali yangu, mama: Nimwambie mama yangu? Akisikia natapika atafikiria mimba, na majirani wakiona nimekonda watasema ni ule ugonjwa. Je, nifunge? Nisipofunga nitatoa sababu gani mwezi mzima? Na je, ninaweza kuacha mwenyewe? Mwenzangu anasema huu ni ugonjwa. Mimi naona ni ulafi na kukosa nidhamu. Haya mambo ya kujitapisha ni ya wazungu na wasichana wa mitandaoni, sisi kwetu mtu mnene anasifiwa. Nikishuka mpaka kilo ninazozitaka nitaacha, naapa.

Siku hizi napata kizunguzungu, jino moja linauma nikinywa cha baridi, na mara nyingine moyo unaruka pigo, halafu unarudi.

Wako,
Aliyekuwa Bonge

*

Marahaba mwanangu,

Kilo ulizoziandika nimezifuta. Barua hii itasomwa na wasichana wengine, na wavulana pia, na najua watakaoichukua ile namba kama lengo la kushindana nalo. Mengine nimeyaacha kama ulivyoyaandika.

Naanza na ulichokiandika mwisho, maana hicho hakingoji mazungumzo. Anayetapika mara kwa mara anapoteza maji na madini, hasa potasiamu, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Ikishuka sana moyo unaweza kuruka mapigo, misuli ikakaza au ikalegea, mtu akazimia. Inaweza kuua, na humpata hata msichana ambaye kwa macho ya watu ni mzima kabisa. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuamua lolote kuhusu mama au Ramadhani, nenda hospitali na kadi yako ya bima ukapimwe damu na moyo. Ukizimia, ukitapika damu, au moyo ukienda ovyo bila kutulia, usingoje hata kesho. Ukifika kwa daktari usizunguke na "naumwa tumbo". Mwambie: nakula kupita kiasi kisha najitapisha, mara kadhaa kwa wiki, naomba nipimwe potasiamu na mapigo ya moyo. Ni sentensi ngumu, lakini ngumu zaidi umeshaniandikia mimi. Omba wakupime na sukari, kwa ajili ya hofu ambayo nitairudia.

Kuhusu jino: ukishatapika usipige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo inalainisha uso wa jino, na mswaki unaumalizia. Sukutua kwa maji tu, usubiri.

Sasa tuzungumze.

Umeniuliza mambo matatu, lakini yote umeyaegemeza kwenye neno moja, ulafi. Niruhusu niligeuze geuze kidogo. Mwaka 1944, vita kuu ya pili ikielekea ukingoni, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kilichukua vijana 36 wa kiume waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri. Walikuwa na afya njema na akili timamu, wakakubali wenyewe kupunguziwa chakula kwa miezi sita hivi ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Aliyeongoza utafiti aliitwa Ancel Keys. Kilichotokea ni hiki: vijana ambao hawakuwahi kujali mapishi wakaanza kusoma vitabu vya upishi kama riwaya. Wakaota chakula, wakalamba sahani, wakawa na hasira na huzuni, wakajitenga. Na walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Hakuna aliyekuwa mlafi alipoingia mle. Ni njaa iliyowafanya vile.

Rudi sasa kwenye ngazi zako za nyuma. Saa tatu usiku, umeshinda bila kitu, umefuturu tende tatu, mikono inatetemeka. Vijana wa mtaani wanasema njaa haina baunsa, na katika hili naona wana elimu kubwa. Wewe unauita ule usiku kukosa nidhamu. Mimi naona nidhamu imezidi mchana kutwa, na usiku mwili unakuja kudai deni lake. Unaulipa, unaona aibu, unatapika, unaapa kufunga kesho, na kesho deni linaanza upya. Kile kiapo chako cha "nikifika kilo fulani nitaacha" nakiogopa kwa sababu hiyo. Kinaongeza deni. Tena kutapika hakutoi chote ulichokula, na tezi za mate huvimba kwa kazi ile mpaka mashavu yanajaa. Kwa hiyo huenda hata kile unachokitafuta kwenye kioo kinakukimbia.

Jambo hili lina jina hospitalini. Daktari mmoja wa London, Gerald Russell, alilieleza mwaka 1979 baada ya kuwaona wagonjwa 30, akaliita bulimia. Neno lenyewe limetoka Kigiriki, maana yake ni kama njaa ya ng'ombe. Si jina la kumpa mtoto wa mtu, lakini angalau walisema njaa. Kama ndicho kinachokusumbua, hilo atalisema anayekupima, si mimi niliyesoma barua tu.

Unasema ni mambo ya wazungu, kwetu mnene husifiwa. Ni kweli, husifiwa. Bibi zetu wakimwona mtu amenawiri humshukuru Mungu. Ila nakupa kisa cha Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako nako mwili mkubwa ulikuwa sifa na kumlisha mtu ni kumjali. Televisheni iliingia eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule mara ilipoingia, akarudi na kuwahoji wengine 1998. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili ilikuwa asilimia 11. Miaka mitatu tu, mwanangu, na ilikuwa televisheni, tena haikuwa inakaa mfukoni mwa mtu usiku kucha ikihesabu nani amekupenda.

Lakini sitaki kuilaumu picha yako ya hewani kwa kila kitu. Wangapi wanaona picha zilezile na wanakwenda kula ugali wao kwa amani? Mara nyingi kuna kitu kingine chini yake. Kwa mmoja ni kutaka kila jambo liwe bila dosari. Kwa mwingine ni nyumba iliyomvurugikia, akatafuta kitu kimoja tu cha kukitawala, akaupata mwili wake. Wengine hawakufundishwa kutaja huzuni wala hasira, basi chakula kinakuwa ndiyo lugha yao: wanameza, wanatoa. Na wapo ambao jina la utani liliwaingia kuliko walivyodhani. Sijui wewe uko wapi. Unaweza kuwa kwenye zaidi ya moja. Ila kuna mistari ambayo umeipita mbio, na mimi nimeisoma mara tatu.

Ile siku ya arobaini. Nyumba imeondoka watu. Wewe uliyekuwa "imara" siku zote arobaini, uliyechota maji na kupokea simu, uko peke yako jikoni. Hukuniandikia kwamba ulilia. Uliniandikia ukoko. Na mstari unaofuata uko chuoni, umeamua kujirekebisha. Kurekebisha nini, mwanangu? Kosa lilikuwa lipi?

Huenda nimekosea, na nikikosea nisamehe. Lakini naona binti aliyeambiwa msibani kwamba mwili wake ni wa baba yake mtupu, na kwa wakati mmoja akaogopa mwili huo utamuua kama ulivyomuua baba, na pengine akautaka vilevile, kwa kuwa ndicho alichobakiwa nacho cha baba. Ukiwa na vitu viwili hivyo ndani ya tumbo moja, si ajabu usiku ukala na usiku huohuo ukatoa. Hofu ya kisukari si ya kipuuzi, ugonjwa wenyewe hutembea kwenye ukoo. Ndiyo maana nimesema pima. Lakini kujitapisha hakukingi kisukari. Na shangazi aliyechagua saa ile kusema maneno yale, mwache na Mungu wake, ila usimwachie na kioo chako.

Ramadhani. Hapa natembea taratibu, kwa sababu mimi si mufti, na kwa sababu njia zote nilizoziona zina miiba.

Tiba ya mazungumzo inayotumika zaidi kwa shida hii ilitengenezwa kule Oxford na Christopher Fairburn na wenzake kuanzia miaka ya 1980. Haimwanzii mtu kwa kumwambia aache kutapika. Inamwanzia kwa kula kwa saa maalumu: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kukaa zaidi ya saa nne hivi mchana na tumbo tupu. Kinachosababisha usiku ule ni mchana ule, basi wanatibu mchana. Sasa weka hilo kando ya saumu ya saa kumi na tatu au kumi na nne, utaona mgongano ulivyo. Ukifunga unaweza kupata utulivu wa kuwa na wenzako, sinia moja, daku pamoja, na sikudharau dawa hiyo. Unaweza pia kupata siku thelathini za kilekile kinachokuumiza, safari hii kikiwa na baraka za kila mtu. Mwaka jana ulifunga, na umenieleza kilichokuwa kinafuata wakati wa tarawehe.

Usipofunga nako kuna hatari yake, nayo si maneno ya majirani tu. Kula kwa kujificha ndiyo mazoea ya shida hii. Ukila mchana kwa kujibanza stoo umebadilisha saa tu. Lakini nikukumbushe kitu unachokijua: nyumba yenye wanawake inajua kula kwa heshima katika Ramadhani. Kila mwezi kuna aliye kwenye siku zake, anakula chumbani kwake bila makelele na hakuna anayemuuliza. Dada yako mwenye mtoto naye huenda ameshapitia. Desturi hiyo ipo, hutaianzisha wewe.

Mgonjwa amepewa ruhusa katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185, na siku hulipwa baadaye. Kama wewe ni mgonjwa wa kuruhusiwa, hilo litamkwe na watu wawili: daktari baada ya vipimo, na sheikh au ustadhati unayemwamini. Uende na jibu la kwanza ndipo uulize la pili. Wapo wanaofunga siku kadhaa na kuacha kadhaa, wapo wanaosubiri mwaka mzima mwili upone. Nakusihi ufikirie jambo moja dogo tu tangu sasa: Jumatatu na Alhamisi ni sunna. Ukizisimamisha kwa muda hakuna deni. Na umeniambia mwenyewe zilikuwa za nani.

Ukishindwa kabisa kusema ukweli, najua utajificha nyuma ya vidonda vya tumbo, kama nusu ya nchi hii. Sitakugombeza. Ila fahamu kwamba watakuja na orodha: usile maharage, usile pilipili, usile hiki. Kwa mtu mwenye shida yako, vyakula vya kukatazwa ndivyo vya mwisho anavyohitaji.

Haya, mama. Una hakika hajui kitu? Mwanamke aliyeuguza kisukari miaka na miaka anajua sahani iliyoliwa na sahani iliyochezewa. Sisemi anajua. Nasema tu inawezekana wote wawili mnalindana, yeye akidhani ni majonzi, wewe ukidhani hajaona. Unaweza kumwambia kabla ya Ramadhani, naye akakusaidia kuupanga mwezi. Hatari yake ni hofu: mwanamke aliyezika mume juzi, anasikia mtoto ana ugonjwa unaogusa moyo. Anaweza kukulilia, anaweza kukukalia mezani akihesabu matonge, anaweza kukupeleka kwa sheikh ukasomewe na kunyweshwa kombe. Kombe halizuii kwenda hospitali, nenda kote kuwili. Unaweza kuanza na dada, au mama mdogo, yeyote ambaye uso wake haukutishi, naye akakusindikiza kwa mama. Hapo hatari ni siri kufika kwa mama ikiwa imeshapitia midomo mitatu. Au ungoje uwe na daktari tayari, uende na habari pamoja na dawa yake. Ukingoja, ngoja kwa tarehe. Bila tarehe kungoja kunageuka kujificha.

Siku utakayomwambia yeyote kati yao, usimwambie wakati wa kula. Na anza na yale asiyo nayo: "Sina mimba, na sina ugonjwa unaoufikiria. Nina shida ya kula na nimeanza kutibiwa." Ukiyaondoa hayo mawili mlangoni, atakusikiliza lililobaki.

Mwenzako wa chumbani nimempenda, ingawa masharti yake ni makali. Hebu mfikirie: anasikia maji ya choo usiku, anajifanya amelala. Mzigo huo amebebeshwa bila kuombwa. Labda badala ya kumbembeleza anyamaze, mpe kazi nyingine. Akusindikize hospitali. Saa moja jioni mle pamoja, sahani ya kawaida, wali maharage ya kantini, kabla saa tatu haijakukuta na njaa. Baada ya kula mtoke mkatembee, au akusimulie umbea wa darasani mpaka ile saa mbaya ipite. Asisimame mlangoni mwa choo kama askari. Akishakuona umeanza kutibiwa, huenda ile simu ya kumpigia mama haitakuwa na haraka tena. Muulize.

Umeuliza kama utaacha mwenyewe. Wapo walioweza, lakini peke yako umeshajaribu mwaka na nusu, na kila jaribio lilikuwa ni kufunga zaidi. Anza na mshauri wa wanafunzi hapo chuoni, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma si mbali na wewe, kuna Mirembe. Najua ukisikia Mirembe unafikiria nini, wengi wetu tulikua tukitishiwa nayo. Ni hospitali, ina madaktari, watu wanakwenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Huenda utakayemkuta hajawahi kumhudumia mtu mwenye shida kama yako. Usikate tamaa kwa hilo. Muhimu awe anajua kuongoza mazungumzo ya tiba na akubali kukuona mara kwa mara, maana kazi hii ni ya miezi, ile ya Oxford huchukua wiki 20 hivi. Kuna dawa pia zinazowasaidia baadhi ya watu, hilo ni la daktari. Na utaanguka katikati. Utakaa wiki mbili vizuri, kisha usiku mmoja utajikuta kwenye ngazi. Ukianguka, asubuhi kunywa chai na kitu. Usifunge kulipia.

Sare ya kaka: mwambie fundi aache nafasi kwenye mshono, atanue au abane siku tatu kabla. Fundi anayetangaza viuno vya watu, huyo mbadilishe tu, mafundi wamejaa.

Umetia saini "Aliyekuwa Bonge". Jina hilo nalo utaamua mwenyewe kama ulikuwa unaliacha kwa sababu lilikuuma, au kwa sababu aliyekuwa anakuita hivyo hayupo. Sidhani ni jambo la kuamua leo.

Niandikie majibu ya vipimo yakitoka. Ila usinitajie kilo. Nieleze marehemu baba yako alikuwa anapenda ukoko wa namna gani, ule wa pilau au wa wali wa nazi, na nani alikuwa anamkwangulia.